Chuo Kina Jicho Moja

Sikumwita Fundi kwa jina lake hata siku moja, na sidhani kama yeye alilijua langu. Kwake mimi nilikuwa Mwalimu, hata baada ya kuthibitika mara nyingi kwamba banda lake halijapata kuona mwanafunzi mzito kuliko mimi. Mkewe tulimwita Mama Fundi. Ukiacha wapita njia, habari hii ni ya sisi watatu.

Banda lenyewe lilikuwa Rasbura, hapa hapa Lindi mjini, nyuma ya nyumba yao, na ukuta wake mmoja ulipakana na jiko la Mama Fundi. Ujirani huo wa banda na jiko uweke akilini, maana umenitoa machozi kuliko moshi wake.

Watu walimwendea kuagiza vitanda na makabati, naye akawaelekeza kwa vijana wa barabarani. Yeye alikata maua. Kwa lugha yake maua ni kila kitu chenye kona: nakshi za juu ya milango, marufaa za kuwekea msahafu, majina ya maharusi, vibao vya gesti. Alikuwa na mashine ndogo ya umeme iliyokaa juu ya meza, yenye mkono wa chuma na msumeno mwembamba kama uzi wa mshipi, umekazwa wima, unapanda na kushuka bila kuchoka. Bila shaka wenye duka wana jina lake. Yeye aliiita cherehani, na akisema "nenda kashone" alikuwa na maana ukakate mbao. Wageni walitoka pale wamechanganyikiwa.

Mimi nafundisha darasa la kwanza. Nilitaka herufi za mbao, kubwa, ambazo watoto wangu wangezishika na kuzizungushia vidole. Nikawaza kwamba badala ya kununua nitajifunza kuzikata mwenyewe. Nilijipa wiki mbili.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kitanda kimevunjika?"

"Hapana. Nataka kujifunza hiyo mashine."

Akaizima. Akanitazama kuanzia viatu. "Kwenu wapi?"

"Likawage."

"Mngindo!" Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Mama Fundi, njoo uone! Mngindo katoka porini anataka umeme!"

Yeye alikuwa Mmatumbi wa Kinjumbi, na Wamatumbi na sisi ni watani, kwa hiyo hapo hakukuwa na tusi. Nikamjibu kwamba nimekuja kwa sababu nimesikia Mmatumbi kapata mashine, nami nataka kuhakikisha kama ameshajua mbele ni wapi na nyuma ni wapi. Akapangusa machozi kwa mkono wa shati, akanisogezea kigoda. Hiyo ndiyo ilikuwa fomu yangu ya kujiunga.

Somo la kwanza lilikuwa la kutosukuma. Anayeanza huona msumeno unakwenda polepole, basi anausaidia kwa kuusukumia mbao. Msumeno hujikunja kidogo, kisha unalia "tang!" na kukatika, na aliyekaa karibu anaruka. Siku ile nilikatika misumeno minne, yaani niliikata minne, ingawa hata mimi mwenyewe nilikuwa nimekatika.

"Mwalimu," aliniambia, "mgeni akiwa mezani kwako anakula, wewe unamsukuma kichwa kwenye sahani?"

"Hapana."

"Basi mwache ale. Kazi yako ni kumsogezea chakula."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo kwa kila jambo, na mengi yalihusu chakula. Umeme ukikatika mbao ikiwa katikati ya msumeno, hakuruhusu mtu aondoe mikono. Alisema mashine imepumua tu, itaendelea. Siku moja nilikaa nimeshika kipande cha mninga kwa muda ambao Mama Fundi alipika mihogo, akaipakua, akaja kunilisha kwa mkono wake kwa sababu mikono yangu ilikuwa kazini. Fundi mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka pembeni yangu, anakoroma, akiamka mara moja moja kusema, "Usiachie."

Alihubiri subira kutwa nzima na hakuwa nayo hata ya kikombe cha chai. Aliinywa ya moto, akaungua ulimi, akailaumu birika, na kesho yake akaungua tena. Alisema fundi wa kweli hujulikana kwa vidole kumi, na yeye alikuwa na tisa na nusu. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kilikomea kwenye kiungo cha kati. Kila mwanafunzi alipewa habari yake tofauti: mmoja aliambiwa mashine ilikila kwa sababu alikuwa anaongea, mwingine kwa sababu alikuwa ananyamaza. Mimi niliambiwa ni kwa sababu ya kukaa vibaya kwenye kigoda. Mama Fundi akanimalizia uhondo siku tunachambua mchele. "Kilikwenda na dafu," alisema. "Alikuwa anajionyesha mbele ya mashemeji, anapasua huku anatazama kwingine. Mashine haijamgusa hata ukucha."

Sasa nije kwenye macho. Ukitaka kukata O, kuzunguka nje ni kazi rahisi. Kazi iko ndani. Unatoboa kitundu kwa drili ndogo katikati, unaufungua msumeno upande wa juu, unaupitisha kwenye kitundu, unaukaza tena, ndipo unakata uwazi wa ndani. Uwazi huo Fundi aliuita jicho. Kwake herufi ziligawanyika mafungu mawili, zenye macho na vipofu. A ina jicho moja. B ina mawili. K, I na U ni vipofu, tena aliwapenda vipofu kwa sababu hawakuwa na gharama ya kutoboa. KARIBU alilijua kwa hesabu: kipofu, jicho, jicho, kipofu, macho mawili, kipofu. Choo kina macho mawili. Chuo kina moja.

Ilinichukua miezi kuelewa kwa nini alihesabu. Nilikuwa nimebandika mchoro wa BODABODA kwenye ubao, akaja akasimama begani kwangu.

"Huyu mwenye macho mawili ndiye nani?"

"Yupi?"

"Huyu mnene."

"Si B hiyo, Fundi."

"Ahaa," akasema, kama mtu aliyetambulishwa kwa jirani aliyempungia mkono miaka ishirini. Ndipo nikaelewa kwamba mzee huyu, ambaye vibao vyake vimejaa kuanzia stendi hadi sokoni, alikuwa hajui hata herufi moja kati ya alizokata. Wateja walileta michoro kwenye karatasi, yeye aliibandika na kufuata mstari.

Nikakosea. Nikamwambia kwa upole wa kiualimu, "Fundi, hata kusoma naweza kukufundisha."

"Nani hajui kusoma?" Akavuta daftari lake la maagizo kutoka chini ya meza. Lilijaa kuanzia jalada la upande wa kulia, mistari iliyonyooka, kwa zile herufi tulizofundishwa sote na maalimu tukiwa wadogo: alifu, be, te. Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu. Vipimo, majina, siku za kuchukua. Mwandiko mzuri kuliko wangu wa ubaoni. "Mimi nasoma tangu sijaota ndevu. Hizi zenu ndizo hatujajuana. Na wewe umekuja kujifunza au kufundisha?"

Nikasema kujifunza. Akaniomba nisimwambie mtu, na safari hiyo hakuwa anatania. Aliogopa wateja wakijua watampita kwenda kwa vijana. Nikamwapia.

Jambo jingine ambalo lazima ulijue ni sheria ya jua. Kazi ya mwanafunzi haikutoka kivulini mwa banda mpaka aikague. Kwanza aligeuza nyuma, kwa sababu msumeno huchanachana nyuzi za mbao upande wa chini, na aliyelipua kazi huumbuka huko. "Mbele ni kwa wageni," alisema, "nyuma ni kwetu." Kisha alipitisha dole gumba ukingoni. Akiridhika alisema, "Haya, ipate jua," na mwenye kazi aliibeba mwenyewe na kwenda kuiegemeza ukutani nje, watu wapite waione. Asiporidhika aligeukia ukuta wa jikoni, akapaza sauti: "Mama Fundi, moto umewaka?"

Moto wa mama yule uliwaka daima. Nimepikiwa wali kwa A zangu. Maharage ya siku moja yaliiva kwa alfabeti nzima, A hadi Z, nayo Mama Fundi akayasifu kwamba yameiva kisomi. Wiki zangu mbili ziligeuka mwaka, mwaka ukawa miaka miwili, watoto wa darasa la kwanza wakapanda la pili na la tatu bila kuziona herufi walizoahidiwa. Hapo sikutaka tena herufi za darasani. Nilitaka maneno matatu tu kutoka kinywani mwa mzee yule. Mtu mzima, mwenye cheti cha ualimu, nilikuwa naota ndoto naambiwa kazi yangu ipate jua.

Basi kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anafungua chuo cha ushoni mtaa wa pili. Alikuja akaagiza vibao viwili kwa mdomo, Fundi akaandika. Siku tatu kabla ya ufunguzi Fundi akapata habari ya msiba Kinjumbi. Alipokuwa anafunga mzigo wake aliniambia, "Vibao vya mama wa ushoni viko daftarini. Chora mwenyewe, si ndiwe Mwalimu? Nikirudi nivikute."

Hakuwahi kuniachia kazi ya mteja. Nilisimama pale na ufunguo wa banda mkononi.

Nikafungua daftari. Mstari wa kwanza: che na waw, herufi inayobeba u na o. Mstari wa pili: che na waw. Hakuna irabu juu wala chini. Nikakaa kwenye kigoda nikafikiri kwa akili zangu zote za ualimu. Vibao viwili, neno moja. Nani anaandika CHUO mara mbili? Lakini choo, mahali pa watu wengi, lazima viwe viwili, cha wanaume na cha wanawake. Nikajipongeza kwa kufikiri mpaka kwenye mambo ya usafi. Nikakata CHOO. Nikakata CHOO kingine. Macho manne, yote nimeyatoboa kwa utulivu, sikuvunja msumeno hata mmoja. Herufi zilisimama zimeshikana kwenye utepe mmoja wa mbao chini yake, laini, nimezipiga msasa mpaka zinateleza. Zilikuwa kazi nzuri, nasema mpaka leo.

Fundi alirudi alasiri ya siku ya kuamkia ufunguzi, vumbi mpaka kwenye kope. Vibao vilikuwa vimepangwa kimoja juu ya kingine. Akageuza cha juu, akatazama nyuma, akahesabu macho mawili kwa kidole chake cha nusu, akaguna. Cha chini alikipapasa ukingo tu.

"Haya," alisema. "Vipate jua."

Nilivibeba nje nikilia. Sioni haya kusema. Jua lenyewe lilikuwa limebaki kidogo, nami nikavisogeza ukutani kulifuata mpaka likaisha.

Asubuhi yake vijana wa mama wa ushoni walivitundika wao wenyewe. Hawakujiuliza, ndivyo ilivyo, mtu aliyepewa misumari hasomi. Kimoja nyuma kwenye choo, kimoja mbele juu ya mlango mkubwa, na hicho cha mbele kikafunikwa khanga ili mgeni rasmi aje akifunue. Viti vilipangwa, kinamama wamevaa sare waliyoishona wenyewe. Fundi na mimi tulifika mapema. Akaenda moja kwa moja mlangoni, akainua pindo la khanga kidogo, akachungulia. Akalishusha. Akanifanyia ishara nisogee.

"Mwalimu. Chuo kina macho mangapi?"

"Moja."

"Huyu ananitazama kwa mawili."

Mimi ninayewafundisha watoto a, e, i, o, u, nimeandika CHOO juu ya mlango wa watu, na mgeni rasmi anashuka kwenye gari. Zaidi ya aibu yangu niliwaza ya kwake: nani angeamini kwamba kosa si lake, na siri aliyoificha miaka yote sasa ingesomwa na mtaa mzima.

"Fundi, tukishushe, tuseme kimepasuka."

"Kwa nini tuseme uongo na msumeno ninao?" Akatoa kwenye mfuko wa koti kijipinde cha waya, amefunga humo msumeno mmoja wa cherehani. Alikuwa anatembea nao! Akavuta kigoda cha mwanafunzi wa ushoni, akapanda, akaingiza kichwa na mikono yote miwili ndani ya khanga. Kutoka nje ulichokiona ni mzee asiye na kichwa na khanga inayotikisika.

Mama mwenye chuo akaja mbio. "Fundi! Unafanya nini ndani ya khanga yangu?"

"Napangusa vumbi," sauti ikajibu.

"Vumbi gani linakoroma hivyo?"

"La mninga. Lina kiburi."

Mgeni rasmi alikuwa anasalimiana na mstari wa mbele. Nikasimama kati ya kigoda na watu, nikaanza kumweleza mama yule umuhimu wa elimu ya watu wazima, neno juu ya neno, sijui nilisema nini. Ndipo kitu kikaniangukia kwenye kiganja: kipande cha mbao kilichopinda, kirefu kama kidole. Fundi akatoka kwenye khanga, ndevu zimejaa unga, akashuka.

"Nimemnyoa nyusi," alininong'oneza.

Mgeni rasmi akavuta khanga. O ya kwanza ilikuwa imekatwa juu, imebaki wazi kama bakuli. Ilikuwa U nene kuliko U yoyote duniani, lakini U. "CHUO!" mgeni akasoma kwa sauti, vigelegele vikapigwa. Mama mwenye chuo akasema ameipenda ile U, ni ya kisasa.

Tulirudi nyumbani. Karibu na banda Fundi akasema, "Kosa ni langu. Sikutia irabu."

"Hata ungetia, Fundi. O na u zote alama moja, dhuma."

Akasimama kufikiri. "Basi kosa ni la dhuma," alisema, akafurahi. Nikaona hapo ndipo pa kuuliza kama lile neno lake la jana bado linasimama, la kupata jua.

"Kimoja nimekimalizia mimi," alijibu. "Na kingine ni cha choo. Mtu hajisifu kwa choo." Alipiga hatua mbili, akageuka. "Kesho njoo na chaki."

Nilikuja na chaki, na pia na zile herufi zangu zilizookoka jikoni. Alikuwa mwanafunzi wa hovyo. Zenye macho alizishika siku moja, lakini vipofu walimshinda: alichanganya F na E, N na M, akalaumu mwanga. Akikosea nilipaza sauti kuelekea ukutani, "Mama Fundi, moto umewaka?" na Mama Fundi akajibu, "Umewaka, mlete!" Nilimpenda mzee yule kama nilivyompenda baba yangu, na tofauti ni kwamba baba sikuwahi kumnyima kipindi cha mapumziko.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Mwanzo alisema ni mashine, halafu akasema ni kahawa, mwisho hakusema kitu. Binti yao akaja kuwachukua wakakae naye Kinjumbi. Kuunganisha herufi kuwa maneno hatukuwa tumefika. Cherehani aliniachia mimi, na sharti lake lilikuwa moja tu, nisiisukume.

Mwaka huu, likizo ya masika, nilikwenda kuwaona. Nilishuka basi barabarani, nikachukua bodaboda kwenye matope mpaka kwa binti yao, nimekumbatia kifurushi ndani ya koti la mvua. Fundi alikuwa barazani kwenye kiti cha kamba, amepungua, mikono ameilaza mapajani mmoja juu ya mwingine ili ishikane. Mama Fundi alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta, kama zamani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Mngindo! Mvua yote hii, mmehama porini?"

"Tumekuja kuwafundisha nyinyi kuogelea."

Akacheka, lakini kifupi. Nikafungua kifurushi nikamwekea ubao mapajani. Alifanya nilichojua atafanya. Aliugeuza nyuma kwanza. Akautazama sana. Akapitisha dole gumba ukingoni kote, likitetemeka, na pale lilipotetemeka halikukwama mahali. Kisha akaugeuza mbele, akahesabu.

"Mmoja ana jicho. Wanne vipofu," alisema. "Nani hawa?"

"Soma."

Akaninyooshea jicho lile la zamani la kumtazamia mteja aliyemletea kitanda kibovu. Halafu akashusha kidole cha nusu kwenye herufi ya kwanza. "Huyu E."

"Hesabu mikono yake."

"Miwili. F." Kidole kikasogea. "U. Huyu namjua, nilimnyoa mwenyewe." Kikasogea tena. "N." Kikafika kwenye jicho, kikaingia ndani, kikatulia humo bila kutetemeka. "D. Na huyu fimbo, I." Akarudi mwanzo, midomo inatembea, mara mbili, mara tatu. "Fu," alisema. "Fun."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu. Sikumsaidia. Nilimwacha mgeni ale.

"Fundi," alisema.

Hakunitazama. Alikohoa, akapaza sauti kuelekea jikoni, na ilikuwa sauti ile ile.

"Mama Fundi! Moto umewaka?"

Miaka yote ile, na bado.

"Umewaka!" Mama Fundi akatokea mlangoni na ufagio mkononi. "Kaleta kazi gani safari hii?"

"Weka chai," Fundi alisema. "Hii ipate jua."

Mama Fundi akautazama ubao, akanitazama mimi, akatazama uani ambako maji yalikuwa yanapita na majani. "Jua gani, Mzee? Hiyo mvua huioni?"

Yeye ambaye hakuwahi kungoja chai ipoe, alijiegemeza kwenye kiti, kidole bado kimo kwenye jicho la D.

"Basi tungoje," alisema.

Mama Fundi akaleta chai na kigoda chake. Tukakaa watatu barazani, tunangoja.